Mtu Mzima ni Nani? Swali la Haki Sawa katika Kusadikika, Rosa Mistika, Utengano na Kilio cha Haki

Utangulizi

Kila mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika shule za upili amewahi kusahihisha insha ya "nafasi ya mwanamke". Mwanafunzi huorodhesha hoja: mwanamke ni chombo cha starehe, mwanamke ni mvumilivu, mwanamke ni mwanamapinduzi, mwanamke ni msaliti wa mwanamke mwenzake. Kila hoja hupewa mfano, na kila mfano hupewa alama. Insha ya aina hiyo hufaulu katika Karatasi ya Tatu, wala si lengo letu kuibeza. Hata hivyo, ni mara chache sana inapoligusa swali lililomfanya mtunzi ashike kalamu. Swali hilo ni hili: je, watu wazima wote wanastahili haki sawa? Na ikiwa jibu ni ndiyo, ni nani katika jamii inayosawiriwa kitabuni anayehesabiwa kuwa mtu mzima?

Makala haya yanakusudia kukuonyesha, msomaji, kwamba swali hili ni uti wa mgongo wa kazi nyingi tunazozifundisha. Tutachunguza kazi nne: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981). Kadhalika tutaurejelea Utendi wa Mwana Kupona, kwa sababu anayetetea haki sawa bila ya kuujibu utendi huo huwa ameruka mtaro badala ya kuujengea daraja.

Neno lenyewe

Kabla ya kuingia katika vitabu, hebu tulitazame neno. Kiswahili hakina jina la pekee la mtu aliyetoka utotoni isipokuwa hili: mtu mzima. Kivumishi -zima kina maana zaidi ya moja. Yai zima ni lile lisilovunjika. Siku nzima ni ile isiyopunguzwa saa. Mgonjwa aliyepona huwa mzima, na anayeulizwa hali hujibu kwamba ni mzima. Kwa hivyo, anayeitwa mtu mzima katika lugha yetu hakuitwa hivyo kwa kuhesabiwa miaka pekee. Ametajwa kuwa kamili, asiyepungua, aliye hai.

Sheria, kwa upande wake, huhitaji tarakimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamfasiri mtu mzima kuwa aliyefikisha umri wa miaka 18. Kifungu cha 27 kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na Kifungu cha 45 kinawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Hayo hayakuwapo daima. Katiba iliyotangulia ilikataza ubaguzi, lakini ikaziacha nje ya katazo hilo sheria zinazohusu ndoa, talaka, mazishi na urithi. Kwa maneno mengine, mwanamke alikuwa mtu mzima kwenye kituo cha kupigia kura, kisha akarudi kuwa nusu mtu akivuka kizingiti cha nyumba yake.

Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ililiweka jambo hili mbele ya taifa zima mwaka 1987. Mjane wake, Wambui Otieno, alidai haki ya kumzika mumewe alikotaka yeye. Ukoo wa Umira Kager ulidai kwamba haki hiyo ni yake kwa mujibu wa mila. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba marehemu azikwe Nyalgunga, kama ukoo ulivyotaka. Hapa hatuna nia ya kuwahukumu wahusika wa kesi hiyo. Tunachotaka uone ni kwamba swali la nani ana kauli ya mwisho juu ya jambo la nyumbani halikubuniwa na watunzi wa riwaya. Lilikuwamo katika jamii, nao watunzi wakalitia katika hadithi.

Kusadikika: haki ya kusikilizwa

Tuanze na Shaaban Robert. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na adhabu inayomkabili ni kifo. Anapewa siku sita za kujitetea. Katika siku hizo haombi huruma, wala hataji ukoo wake au mali yake. Anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini, ambao walirejea na mawazo ya kuinufaisha nchi, kisha wakatupwa gerezani bila ya kusikilizwa.

Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama istiara ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una mashiko. Lakini itazame pia kwa jicho la swali letu. Karama anadai haki moja tu, nayo ni ya kusema na kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kwa Shaaban Robert, haki hii ndiyo mlango wa haki nyingine zote. Majivuno hahitaji kumshinda Karama kwa hoja. Anahitaji tu asiwe na zamu ya kusema. Anayenyimwa zamu ya kusema amerudishwa utotoni, hata akiwa na mvi kichwani, kwa kuwa mtoto ndiye husemewa na wengine.

Vilevile, Karama anawasemea wafungwa. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Je, mfungwa naye ni mtu mzima mwenye haki? Wengi wetu tungesita. Nchini Kenya, wafungwa walipiga kura kwa mara ya kwanza katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, baada ya mahakama kuamua kwamba kufungwa hakumwondolei raia haki hiyo katika kura ile. Riwaya iliyotoka mwaka 1951 ilikuwa tayari imewatoa wafungwa gizani na kuwaweka katikati ya baraza.

Hata hivyo, mhakiki wa kweli hasujudii kitabu. Kusadikika ina mapungufu mawili yanayohusiana na mada yetu. La kwanza ni kwamba Karama anafaulu kwa sababu mfalme amekubali kutega sikio. Wafungwa wanaachiliwa kwa amri ya mfalme yule yule ambaye chini yake walifungwa. Haki inayotolewa kwa hisani yaweza kuondolewa kwa hasira. La pili ni kwamba wajumbe wote sita ni wanaume, na mshtaki na mshtakiwa pia ni wanaume. Hoja mashuhuri mno ya haki katika riwaya ya Kiswahili ya wakati huo ilimwona mtu mzima aliyedhulumiwa, na huyo alikuwa mwanamume. Kwa kumtendea haki mtunzi, tukumbuke kwamba yeye ndiye aliyeandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyeinuka kutoka ufukarani kwa sauti yake. Lakini katika baraza la Kusadikika, Siti hana kiti.

Rosa Mistika: mizani mbili

Kezilahabi alikiingiza kilio hiki nyumbani. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Ukerewe. Zakaria ni mlevi, ilhali Regina ndiye anayebeba mzigo wa familia. Zakaria anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa analelewa kwa woga. Mvulana kwake ni hatari, na babake ni hatari kubwa zaidi. Anapoingia shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, jicho la baba haliko tena, naye hajawahi kufunzwa kuongozwa na jicho lake mwenyewe.

Usomaji uliozoeleka husema kwamba Rosa aliharibika kwa sababu ya malezi mabaya. Ni kweli, lakini jibu hilo halijakamilika. Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rosa alilisikia la mkuu akiwa mdogo, na guu likavunjika vilevile. Tatizo la malezi ya Zakaria halikuwa ukali pekee. Yalikuwa malezi yasiyokusudia kwamba siku moja mtoto huyu atakuwa mtu mzima. Mtoto wa kiume hulelewa kwa matarajio kwamba ataamua. Rosa alilelewa kwa matarajio kwamba ataamuliwa: kwanza na baba, kisha na mume. Katikati ya hao wawili palikuwa na miaka ambayo hakuna aliyemwandaa kuiishi.

Lakini kilele cha ukosefu wa usawa katika riwaya hii, kwa maoni yetu, hakimo katika kipigo cha Zakaria. Kimo katika uamuzi wa Charles. Wakati huo Rosa ni mwalimu, mtu mzima anayejitegemea, naye ameazimia kubadilika. Charles anapogundua kwamba si bikira, anamkataa, na Rosa anajiua. Hebu jiulize, mwalimu: jamii ya riwaya ina kipimo gani cha kumpima Charles? Haina. Mwili wa Rosa umebeba historia inayoweza kukaguliwa, na wa Charles umesamehewa ukaguzi kabla hata ya kuuliza. Hapa hatuzungumzii kama uasherati ni mwema au mbaya. Mtu anaweza kuukemea kwa nguvu zote na bado akaona dhuluma iliyopo, nayo ni kwamba kosa moja limepimwa kwa mizani mbili. Haki sawa haisemi kwamba kila tendo ni sawa. Inasema kwamba watenda wawili wa tendo moja wapimwe kwa mizani moja.

Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi. Marufuku hayo yenyewe ni funzo. Walioogopa kwamba vijana wataiga mwenendo wa Rosa hawakuonekana kuogopa kwamba vijana wataiga mwenendo wa Charles.

Utengano: kufuli na lawama

Said Ahmed Mohamed anatupeleka mbele hatua moja. Bwana Maksuudi ni mwanasiasa mwenye mali na jina. Mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna wanaishi ndani ya kuta, wasitoke, ilhali yeye anaranda nje na kufanya atakalo. Bi Tamima anapopatwa na uchungu wa kuzaa, anasaidiwa na Bi Farashuu, mkunga ambaye Maksuudi hataki kumwona kwake. Kwa kosa hilo anapigwa na kupewa talaka. Mwanamke mzima, katika saa ambayo uhai wake mwenyewe uko hatarini, hana ruhusa ya kuchagua mkono utakaomsaidia. Ukitafuta katika fasihi yetu mfano mmoja wa mtu mzima aliyenyimwa uzima wake, usiende mbali zaidi ya chumba kile.

Maimuna naye anatoroka na kuangukia maisha ya vilabu, ulevi na umalaya. Ndipo swali la darasani linapozuka kila mwaka: nani wa kulaumiwa, Maimuna au Maksuudi? Mwalimu mwenye huruma huelekea kujibu kwamba ni Maksuudi, na kwamba Maimuna ni mwathiriwa tu. Mwalimu mkali hujibu kwamba Maimuna alichagua mwenyewe. Tunathubutu kusema kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kwamba lile la huruma lina kasoro iliyojificha zaidi.

Tukisema kwamba Maimuna hahusiki kwa lolote alilolitenda baada ya kutoka nyumbani, tutakuwa tumemtendea alivyomtendea babake. Maksuudi alimwona kama kitu kisichoweza kuamua, akamtia kufuli. Sisi tukimwona kama kitu kisichoweza kuamua, tunamtia huruma. Kufuli na huruma ya aina hiyo ni ndugu wa baba mmoja. Mtu mzima hudai haki, na pia huwajibika. Ukimwondolea moja, la pili halisimami. Kwa upande mwingine, anayesema kwamba Maimuna alichagua mwenyewe anasahau kwamba uchaguzi huhitaji ujuzi. Anayetolewa gizani ghafla na kutupwa juani hupapasa, na kupapasa si sawa na kuchagua njia.

Jibu linalofaa, basi, ni la ngazi. Maksuudi anawajibika kwa kumnyima binti yake maandalizi ya utu uzima. Wale waliompokea nje na kumtumia wanawajibika kwa walilolitenda. Na Maimuna anawajibika kwa kiasi cha uhuru aliokuwa nao, ambacho kilikuwa kidogo mwanzoni, kikawa kinakua. Ndiyo maana uamuzi wake wa kuanza maisha mapya na Kabi una uzito mkubwa. Kama angekuwa mwathiriwa tu, uamuzi huo usingekuwa wake. Mtunzi anamrejeshea Maimuna heshima kwa kumwacha aamue.

Kilio cha Haki: mkuki kwa nguruwe

Tamthilia ya Alamin Mazrui inaliweka swali letu katika shamba la mlowezi, Delamon. Wafanyakazi wanadhulumiwa, na anayewaongoza kudai haki zao ni mwanamke, Lanina. Kumbuka, msomaji, mazingira ya kihistoria ya mashamba ya aina hii nchini Kenya. Wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mzee mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mtoto wa mlowezi. Neno hilo dogo lilikuwa na kazi kubwa. Lilimwambia mtu mzima kila siku kwamba hatakua kamwe, na asiyekua hapewi kura, hapewi ardhi, wala hapewi mshahara wa mtu mzima.

Ukiyaelewa hayo, ndipo utakapouona uchungu wa tamthilia hii. Baadhi ya wale wanaodai kutambuliwa na Delamon wanatilia shaka kuongozwa na mwanamke. Mwengo, mumewe Lanina, analalamika kwamba harakati zimemfanya mkewe asahau nyumba. Anataka Lanina awe mtu wa kuamrishwa nyumbani, katika wakati ule ule ambao watu wake wanakataa kuamrishwa shambani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hapa ndipo Mazrui anapomzidi Shaaban Robert kwa hatua moja. Katika Kusadikika haki inaombwa kwa mfalme. Katika Kilio cha Haki inadaiwa na umoja wa wanaodhulumiwa, na umoja huo una ufa. Ufa huo ni usawa uliokatwa vipande: kipande cha mwanamume kinadaiwa, cha mwanamke kinaahirishwa hadi siku nyingine. Tamthilia inatuonyesha kwamba Delamon hana haja ya kuwagawanya wafanyakazi wake iwapo tayari wamegawanyika nyumbani mwao. Ndiyo maana tunashikilia kwamba suala la Lanina na Mwengo si hadithi ya pembeni ya "migogoro ya ndoa", kama inavyofundishwa wakati mwingine. Ni kiini cha mchezo. Mtunzi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1982, akaonja kwa nafsi yake maana ya mtu mzima kunyimwa zamu ya kusema.

Pingamizi: je, si mambo ya kigeni haya?

Kuna wasomaji watakaosema kwamba haki sawa ni wazo lililoletwa na meli, na kwamba hekima ya pwani ilimpa kila mtu nafasi yake: mume, mke, mzee, kijana. Watautaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamhusia binti yake adabu za dini, za kuishi na watu na za kumridhisha mume. Pingamizi hili lisipuuzwe. Wahakiki wamegawanyika juu ya utendi huo. Wapo wanaouona kuwa hati ya utiifu, na wapo wanaouona kuwa werevu wa mwanamke anayemfunza mwanamke mwenzake namna ya kuishi karibu na mamlaka.

Sisi tungependa kuongeza jambo moja ambalo huachwa. Utendi huo ni nasaha, na nasaha hutolewa kwa mtu anayeweza kuikubali au kuikataa. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, hakumfungia binti yake mlango. Alikaa akatunga beti, akatumaini kwamba aliyeandikiwa atazisoma, atazipima na kuziweka moyoni. Huko ni kumchukulia binti kuwa mtu anayefikiri. Linganisha na Zakaria pamoja na Maksuudi. Hao hawahusii. Mmoja anatumia mkono, mwingine anatumia kufuli. Kwa hivyo, anayeutumia utendi huu kumtetea Maksuudi ameusoma vibaya. Mila iliyotunga utendi huo iliamini maneno, Maksuudi hayaamini.

Hata hivyo, pingamizi halijaisha kabisa. Ukosefu wa usawa haumo tu katika yale anayoambiwa mke. Umo pia katika yule asiyeambiwa. Je, nani alimtungia mume utendi wa namna ya kumridhisha mkewe? Shaaban Robert alilikaribia jambo hili alipowatungia binti yake na mwanawe wa kiume tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, kila mmoja wake. Alau mwanamume naye aliketishwa akaonywa. Ungependa kuona zoezi zuri la kidato cha tatu? Wape wanafunzi wako tenzi hizo tatu, waorodheshe wajibu anaopewa kila mhusiwa, kisha waseme ni wajibu upi ungefaa kumwendea kila mtu mzima bila ya kujali jinsia. Utashangaa jinsi orodha hiyo itakavyokuwa ndefu.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni la busara ya umri na ujuzi. Je, mlevi kama Zakaria awe na kauli sawa na Regina anayeilisha nyumba? Je, mjinga na mwerevu wapige kura yenye uzito mmoja? Jibu ni kwamba haki sawa si tuzo ya wema. Kama ingekuwa tuzo, Majivuno angekuwa wa kwanza kuamua nani anaistahili, kwa kuwa daima mwenye nguvu hujipa cheti cha wema. Watu wazima hawalingani kwa akili, kwa mali wala kwa tabia. Ndiyo sababu hasa sheria iwalinganishe katika haki. Tofauti zao zihukumiwe kwa matendo, baada ya kusikilizwa.

Darasani

Kwa nini haya yakuhusu wewe mwalimu? Kwa sababu wengi wa wanafunzi wa kidato cha nne wako katika kizingiti cha miaka 18, na baadhi wamekwisha kukivuka. Katika darasa lako wamo watu wazima wenye vitambulisho, au watakaokuwa navyo kabla ya matokeo ya mtihani kutangazwa. Wavulana na wasichana hao watatoka langoni kama Rosa alivyotoka. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini Zakaria hakuishi ndani ya kiboko pekee. Anaishi pia katika mwalimu asiyemruhusu mwanafunzi kutofautiana na mwongozo wa kitabu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, badala ya kuuliza "nafasi ya mwanamke ni ipi", uliza: ni nani katika kitabu hiki anayeruhusiwa kuamua, juu ya jambo gani, na ni nani aliyempa ruhusa hiyo? Swali hilo linamhusu Lanina, linamhusu Mwengo na linamhusu Delamon pia. Pili, mwanafunzi anapomtetea au kumlaumu mhusika, mtake atumie mizani ile ile kwa mhusika wa jinsia ya pili aliyetenda jambo lile lile. Tatu, ruhusu jibu linalotofautiana na lako, mradi limejengwa juu ya ushahidi wa matini. Huwezi kuifundisha Kusadikika huku ukimnyima Karama wa darasa lako siku zake sita.

Hitimisho

Tumeona kwamba kazi hizi nne zinalijibu swali moja kwa hatua mbalimbali. Shaaban Robert anadai kila mshtakiwa asikilizwe. Kezilahabi anafichua mizani mbili. Said Ahmed Mohamed anaonyesha kwamba anayenyimwa uhuru hunyimwa pia maandalizi ya kuutumia. Mazrui anaonya kwamba haki inayodaiwa kwa baadhi ya watu wazima itawaponyoka hata hao baadhi.

Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 1981, mwaka ule ule wa Kilio cha Haki, ilimpa mke aliyefiwa haki ya kutumia mali ya marehemu, haki ambayo ingekoma pindi akiolewa tena. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Aliyeiandika sheria hiyo hakuwa Maksuudi. Yamkini alikuwa mtu msomi, mwenye nia njema, aliyepita shuleni akafundishwa fasihi, akaorodhesha hoja zake na kupata alama zote. Mwanafunzi atakayeandika sheria za miaka ijayo huenda yuko mbele yako wiki hii, na kitabu kimefunguliwa mezani pake. Muulize mtu mzima ni nani, kisha umpe nafasi ya kujibu.